Chaja ya laptopu imegoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Laptopu nyingi tunazoletewa hapa Dodoma ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook, ThinkPad na ndugu zao. Mashine zenyewe ni ngumu. Kinachokufa kwanza ni chaja. Majibu haya ni ya mtu wa Nkuhungu, Kisasa, Ilazo au hosteli za UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwenye bisibisi, multimita ya bei nafuu na nia ya kujitengenezea. Msimamo wetu tunautoa mapema: waya unaotoka kwenye boksi la chaja kwenda kwenye laptopu ni kazi yako, utengeneze bila hofu. Ndani ya boksi kuna volti za kuua, na hapo utatuona tunakuwa wakali.

Nitajuaje kama tatizo ni chaja, betri au laptopu yenyewe?

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama inapeleka. Ekstensheni za bei rahisi hulegea ndani, na lawama zote zinaishia kwa chaja. Kisha chomoa ule waya unaotoka ukutani kuingia kwenye boksi, uchomeke tena mpaka mwisho. Waya huo hutumika kwa kampuni karibu zote, kwa hiyo azima wa jirani ujaribu kabla hujatoa hela.

Soketi na waya vikiwa vizima, shika multimita. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja), alama ya 200. Ukiiweka kwenye 20, chaja ya volti 20 inaweza kuonyesha "1" tupu na ukadhani imekufa. Ncha nyekundu iguse ndani ya pini, nyeusi iguse bati la nje. Kwenye pini nene za Dell na HP zenye sindano katikati, umeme wa chanya uko kwenye ukuta wa ndani wa tundu, sindano ina kazi nyingine tutakayoieleza mbele. Watu wengi hupima kwenye sindano, wakapata kitu kisichoeleweka, wakatupa chaja nzima.

Ikisoma karibu na namba ya lebo, tuseme 19.5, na namba haichezi ukitikisa waya, hiyo ni dalili nzuri lakini bado haijatosha. Kuna chaja inayosoma vizuri ikiwa haina mzigo, ukiipa kazi inazimia. Mzigo wa majaribio unaupata kwa muuza vipuri vya magari: balbu mbili za taa ya breki, volti 12 wati 21 kila moja, zikiunganishwa moja nyuma ya nyingine. Kwa chaja ya volti 19.5 zitakula kama wati 30 hivi. Ziache dakika kumi huku mita ikisoma. Volti zikibaki palepale, chaja ni nzima. Zikiporomoka au taa zikianza kuwaka na kuzima, chaja imechoka. Usitumie balbu za taa kubwa za mbele, zile za wati 55. Mbili zinaizidi nguvu chaja ya wati 65 na itajizima hata kama haina kosa.

Chaja ikipita mtihani huo, geukia laptopu. Kama betri inatoka, itoe uwashe kwa chaja peke yake. Ikiwaka na kudumu, mgonjwa ni betri. Kama taa ya kwenye boksi inawaka ukutani lakini inazimika mara tu unapochomeka pini kwenye laptopu, kuna shoti ndani ya mashine na hiyo ni kazi ya fundi wa bodi. Kama pini inacheza ndani ya tundu lake, tundu ndilo limelegea. Kwenye mashine nyingi tundu hilo ni kipuri kidogo chenye waya wake, kinabadilishwa kwa bisibisi tu.

Chaja inashika nikiukunja waya, nikiuachia inakata. Imekufa?

Haijakufa. Kesi hii tunaipokea kuliko nyingine zote, na ndiyo unayoweza kuimaliza mezani kwako.

Waya huvunjika sehemu mbili: jirani kabisa na pini, au pale unapotokea kwenye boksi, kwa sababu watu huuzungusha na kuukaza hapo wanapoihifadhi chaja kwenye begi. Ganda la nje linabaki zima, shaba ya ndani imekatika. Chomeka chaja ukutani, funga mita kwenye pini, kisha pitisha vidole ukikunja waya kidogo kidogo. Mahali namba inaporuka ndipo palipovunjika. Mara nyingi vidole vyenyewe vitakuambia, utasikia panalegea kuliko pengine.

Sasa chomoa ukutani. Kata kipande cha sentimita tatu hivi kila upande wa pale palipovunjika, kwa maana shaba ya karibu huwa imeshaungua na kuwa nyeusi, na risasi ya kulehemu haishiki kwenye shaba nyeusi. Ukichuna ganda la nje utakuta nyuzi nyembamba za shaba zimezunguka waya mwingine wenye ganda lake mwenyewe. Nyuzi za nje ni hasi, waya wa ndani ni chanya. Zikusanye nyuzi za nje upande mmoja uzisokote ziwe waya mmoja. Waya wa ndani uchune milimita nane hivi kwa wembe, polepole, usikate nyuzi zake. Kila uzi unaokatika ni njia ya umeme uliyoipunguza.

Kabla ya kuunga, pitisha vimpira vinavyosinyaa kwa moto: kidogo kwenye waya wa ndani, kikubwa kwenye waya mzima. Ukivisahau utalazimika kukata kiungo na kuanza upya. Viungo viwili pia visikae sambamba. Upande mmoja acha chanya kiwe kirefu na hasi kifupi, upande wa pili kinyume chake, ili kiungo kimoja kiwe mbele ya kingine. Hata kimpira kikija kutoboka, shaba hazitakutana.

Sokota, kisha lehemu kwa risasi. Pasha moto shaba, risasi iifuate yenyewe iingie katikati ya nyuzi. Risasi iliyokaa juu kama tone haijashika, itaachia wiki ijayo. Kiungo kikipoa, vuta kwa nguvu ya wastani. Kikihimili, sogeza kimpira kidogo ukipashe kwa kiberiti cha gesi bila kukiunguza, halafu kile kikubwa.

Kabla ya kuchomeka kwenye laptopu, pima tena. Nyekundu ndani, nyeusi nje. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza waya. Rudi nyuma urekebishe. Laptopu iliyopewa umeme kinyume inaweza kuungua mara moja.

Sina risasi. Nikisokota waya na kufunga tepu nyeusi je?

Kwa dharura ya usiku mmoja, ukiwa macho na mkono wako karibu, itakuvusha. Usiifanye kuwa makazi. Chaja ya wati 65 inapitisha zaidi ya ampia 3, na kiungo kilichosokotwa tu hulegea kadiri waya unavyotembea, kikilegea kinapata moto, na moto wa Oktoba wa Dodoma peke yake unatosha kulainisha gundi ya tepu. Mafundi wa simu wa mjini watakulehemea kiungo kimoja kwa bei ndogo sana.

Nimekata waya nimekuta nyaya tatu badala ya mbili. Huu mwembamba ni wa nini?

Hiyo ni Dell au HP, na huo mwembamba ndio unaokwenda kwenye sindano ya katikati. Laptopu inautumia kuiuliza chaja: wewe ni nani, una wati ngapi? Ndani ya boksi la Dell kuna kichipi kidogo kinachojibu. HP na ile pini ya bapa ya Lenovo wana njia zao za kujitambulisha kwa sindano hiyo.

Waya huo ni mwembamba, ndiyo maana hukatika kabla ya wenzake. Laptopu inawaka, inafanya kazi, lakini betri haipandi hata asilimia moja na mashine inakuwa nzito kama imechoka. Ukiiwasha, Dell itakuandikia kwamba aina ya chaja haijatambulika. Wengi hapo hununua betri mpya. Pima kwanza waya mwembamba kwa mlio wa mita (alama inayolia waya ukiwa haujakatika), kutoka kwenye sindano hadi upande wa boksi. Ukiwa umekatika, uunge kwa utaratibu uleule, na usiruhusu uguse chanya hata sekunde moja. Ukipeleka volti 19.5 kwenye njia hiyo unaua kichipi cha chaja, na unaweza kuharibu sehemu ya laptopu inayokisoma.

Kwenye Dell unaweza kuhakikisha bila mita. Washa huku ukibonyeza F2, tafuta mahali pa betri au chaja, utaona mashine inaisoma kuwa ya wati ngapi. Ikiandika 65 au 90, mazungumzo yamerudi.

Naweza kutumia chaja ya mwenzangu wa chumbani?

Angalia mambo manne kwenye lebo, kwa mpangilio huu.

Volti zilingane. Laptopu nyingi ziko kati ya 18.5 na 20. Tofauti ya nusu volti haina shida: mashine ya 19 itakula 19.5 bila kulalamika, na hata 19 kwa 20 kwa kawaida hupita. Lakini kuna Toshiba na ThinkPad za zamani za volti 15 na 16, na hizo usizipe 19.

Ampia zitoshe au zizidi. Hapa ndipo hofu nyingi zisizo na sababu zinapozaliwa. Mtu anaona chaja ya ampia 4.62 anaogopa itaunguza laptopu yake ya ampia 3.34. Haiwezi. Fuso la tani saba halikulazimishi kupakia tani saba. Laptopu inachukua inachohitaji na kuacha kilichobaki. Hatari iko upande wa pili: chaja ndogo kwenye mashine kubwa. Itapata moto, itakatakata, na mwisho itakufa.

Pini iingie bila kulazimishwa. Pini nyembamba ya Dell na pini ya bluu ya HP zote ni za milimita 4.5, zinaingiliana, lakini kuingiliana hakumaanishi zitatambuana.

Mwisho, mchoro wa duara wenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye laptopu karibu zote chanya iko ndani. Usikisie, angalia.

Mahesabu yenyewe ni volti mara ampia. Dell 19.5 mara 3.34 ni wati 65. Lenovo 20 mara 3.25 ni 65. Acer 19 mara 3.42 ni 65. Zile za 19.5 mara 4.62 ni wati 90.

Nina chaja ya ruta, ya kingʼamuzi, ya skrini, ya printa. Ipo inayofaa?

Ya ruta na kingʼamuzi nyingi ni volti 9 au 12: hazifai. Ya skrini ya kompyuta inaweza kuwa volti 19 kweli, lakini nyingi ni za wati 25 hadi 40, basi zinafaa kwa laptopu ndogo sana tu, au kwa kuchaji mashine ikiwa imezimwa. Ya printa iogope. Zipo za volti 24 na hata 32, na boksi lake kwa nje linafanana kabisa na la laptopu. Kukata pini ya laptopu na kuiunga kwenye boksi kama hilo ni kuiua mashine kwa mkono wako.

Boksi lenyewe halitoi kitu. Nilifungue?

Kama hujawahi kufundishwa kazi ya umeme, usilifungue. Tunaeleza kwa nini, maana "hatari" peke yake haijamzuia mtu.

Umeme wa ukutani ni volti 230. Ukiingia kwenye boksi unanyooshwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita moja nene, na humo unafika kama volti 325 za DC. Kapasita hiyo haijui kwamba umechomoa. Kama boksi limekufa kwa namna ambayo mzigo hauvutwi, umeme unaweza kukaa humo dakika nyingi ukimsubiri mtu wa kwanza atakayegusa miguu yake. Unaweza kusimamisha moyo. Hata usipofanya hivyo, utakurusha na kisu ulichoshika kitaishia mahali pengine.

Boksi lenyewe halina skrubu, limegandishwa. Kulipasua kwa kisu na nyundo huvunja bodi ndani. Na hata likifunguka salama, tatizo huwa zaidi ya fyuzi. Fyuzi ikikatika kwenye chaja, kwa kawaida imekatwa na transista au dayodi zilizopiga shoti. Ukiweka uzi wa waya mahali pa fyuzi na kuchomeka, kinachofuata ni mlipuko au moto. Tumeletewa maboksi yaliyoungua namna hiyo, plastiki imeyeyuka ikashikana na zulia.

Kwa aliyesomea, tunasema haya machache. Mwaga umeme wa kapasita kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5, au kwa balbu ya zamani ya uzi ya volti 230, kisha pima uhakikishe imefika karibu na sifuri kabla ya kuingiza kidole. Kuipiga shoti kwa bisibisi kunaharibu kapasita na kurusha cheche machoni. Chaja inayosoma vizuri bila mzigo na kuzimia ikipewa kazi, tazama kapasita za upande wa kutoa, zile za volti 25. Zikiwa zimevimba kichwani badilisha kwa za joto la nyuzi 105, volti 25 au 35. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya uzi iliyowekwa kwenye njia ya umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti. Na ile kapasita ndogo ya bluu inayovuka kutoka upande wa 230 kwenda upande wa laptopu, ibadilishe kwa ya aina yake ya usalama tu. Ukiweka ya kawaida na ikaja kupiga shoti, bati la laptopu linakuwa na umeme wa ukutani, na anayeligusa anaweza kuwa mtoto anayefanya kazi ya shule.

Laptopu inanitekenya nikiigusa wakati inachaji. Ni kawaida?

Kutekenya kidogo, kama vijisindano kwenye mkono ukipitisha juu ya bati, kunatoka kwenye hiyohiyo kapasita ndogo ya bluu. Inapitisha umeme mdogo sana ambao ulitakiwa kwenda ardhini. Njia ya ardhini ikikosekana, unapitia kwako. Ukipigwa shoti ya kweli, ya kukurusha, hiyo si kawaida kabisa: chomoa na usiitumie tena.

Sababu kubwa ni plagi. Laptopu za mtumba zinakuja na plagi za Ulaya za miguu miwili ya duara, soketi zetu ni za matundu matatu ya mstatili. Watu huingiza kalamu kwenye tundu la juu kufungua vifuniko, kisha wanasukuma plagi. Inaingia, lakini haina ardhi, na miguu ya duara inagusa bati za soketi kwa upenyo mdogo tu. Ndiyo ile sauti ya kukwaruza na weusi unaouona kwenye soketi. Dawa ni rahisi: nunua waya wa ukutani wa matundu matatu wenye plagi ya Kiingereza, na ndani ya plagi weka fyuzi ya ampia 3 badala ya 13.

Kama plagi ni sahihi na bado unatekenywa, kasoro iko kwenye ardhi ya nyumba. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, mvua ni Desemba hadi Aprili tu, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ardhi iliyopimwa Februari ikawa nzuri inaweza kuwa haifanyi kazi Septemba. Kumwagia maji shimo la ardhi mara kwa mara kunasaidia, na mwite fundi umeme aipime wakati wa ukavu.

Umeme ukikatika na kurudi, chaja zinakufa. Nifanye nini?

Umeme ukikatika, chomoa. Uache urudi, utulie dakika chache, ndipo uchomeke. Msimu wa mvua, radi zikianza, chomoa hata kama umeme upo.

Kuna hali mbaya zaidi ambayo kila nyumba inapaswa kuijua. Waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ukikatika kwenye nguzo, volti za nyumba yako zinaweza kupanda kuelekea 400. Utaona baadhi ya balbu zinawaka kwa ukali usio wa kawaida, au nyumba moja inangʼara na jirani inafifia, na friji inanguruma. Usikimbilie chaja moja moja. Zima swichi kuu, kisha toa taarifa. Ile kapasita nene ya ndani ya chaja kwa kawaida ni ya volti 400, na umeme wa namna hiyo ukinyooshwa unaizidi kwa mbali. Ndiyo ule mlio wa "paa" na moshi.

Kile kifaa cha kulinda friji kinachokata volti zikizidi au zikipungua kinailinda chaja vilevile. Ekstensheni yenye taa nyekundu pekee hailindi chochote.

Niko kijijini Chemba, hakuna umeme wa gridi, nina betri ya sola ya volti 12. Nitachajije?

Una njia tatu, na tunazipanga kwa upendeleo wetu.

Ya kwanza ni chaja ya laptopu ya kwenye gari, ile inayochukua volti 12 na kuzipandisha hadi 19 au 20. Nunua ya wati 90 hata kama laptopu yako ni ya 65, zinazoandikwa wati nyingi mara nyingi hazizifikii. Ya pili ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, pamoja na chaja yako ya kawaida. Inafanya kazi na inaitambulisha laptopu ipasavyo, ila unapoteza umeme mara mbili: kutoka 12 kwenda 230, kisha kurudi 19. Ya tatu ni moduli ya kupandisha volti, ile bodi ndogo yenye skrubu ya kurekebisha, ukaiunga pini mwenyewe. Ni ya bei ndogo na ndiyo inayohitaji nidhamu kubwa.

Kwa moduli, fanya hivi. Chagua iliyoandikwa wati 150. Zile ndogo kabisa zenye chipi ya XL6009 hazitoshi, maana chipi hiyo mwisho wake ni ampia 4, na laptopu ya wati 65 inavuta kama ampia 6 kutoka kwenye betri. Weka fyuzi ya ampia 10 jirani na kichwa cha chanya cha betri. Ikikaa mwisho wa waya hailindi waya wenyewe. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, usizidi mita mbili. Washa moduli bila laptopu, zungusha skrubu mpaka mita isome 19.5, kisha dondoshea rangi ya kucha kwenye skrubu isisogee kwa mtikisiko. Zipe taa za breki kwanza, ndipo laptopu. Na uielewe hatari yake: moduli hiyo ikiharibika, inaweza kupandisha volti kupita kiasi na laptopu ikaungua. Kwa mashine yenye tasnifu yako ndani, tunashauri chaja ya gari au inveta. Dell yenye sindano haitachaji betri kwa moduli, itawaka tu.

Betri itakupa muda gani? Betri ya 100Ah (ampia 100 kwa saa moja) ina saa-wati 1,200. Usiimalize, tumia nusu: 600. Laptopu ya kazi za kawaida inakula wati 30, ukiongeza kinachopotea 35, utapata kama saa 17. Betri ndogo ya bodaboda ya 7Ah, kwa hesabu hiyohiyo, ni saa moja na kidogo. Betri ikipumzika na kusoma 12.2, umefika nusu, acha.

Paneli yangu ya wati 100 inasoma volti 20 juani. Si nichomeke laptopu moja kwa moja?

Hapana. Namba hiyo ni ya paneli isiyo na mzigo. Wingu likipita inaporomoka, laptopu inakata, volti zinapanda, inashika, inakata tena, mara nyingi kwa saa moja. Paneli iende kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri), kontrola iende kwenye betri, laptopu ichukue kwenye betri.

Mimi ni dereva wa lori la volti 24. Chaja ya gari dogo itafaa?

Soma lebo. Iliyoandikwa 12–24 inafaa. Iliyoandikwa 12 pekee inaweza kuungua. Moduli ya kupandisha volti haifai kabisa hapo, kwani inajua kupandisha tu, na ukiipa 24 itapeleka 24 hizo kwenye laptopu.

Laptopu yangu ni ya USB-C. Chaja ya simu inatosha?

Kwa USB-C chaja na laptopu zinakubaliana volti zenyewe kabla ya kupelekeana umeme, kwa hiyo huwezi kuiunguza kwa kuchomeka chaja nzima iliyo ndogo. Itakataa, au itachaji polepole. Tafuta iliyoandikwa PD (Power Delivery, mfumo huo wa kukubaliana volti), yenye volti 20, wati 45 au zaidi. Waya nao una ukomo: wa kawaida ni ampia 3, yaani wati 60. Ukitaka 100, waya uwe umeandikwa ampia 5.

Zipo pia nyaya zenye USB-C upande mmoja na pini ya laptopu upande wa pili. Zinaiomba chaja volti 20, na kwa Lenovo na Acer tumeziona zikifanya kazi vizuri. Ukishakuwa na chaja nzuri ya PD ya wati 65, hii ndiyo njia safi kuliko zote za kuiokoa laptopu ambayo pini yake haipatikani mjini. Waya wa USB-C uliokatika usiuunge, nunua mwingine.

Boksi linapata moto sana. Niogope?

Vuguvugu la kukufanya uondoe mkono baada ya muda ni la kawaida mchana wa Novemba. Moto wa kukufanya uondoe mkono papo hapo, au harufu ya plastiki, chomoa. Liweke sakafuni penye vigae au saruji. Kitandani, chini ya mto, au ndani ya begi lililofungwa hapana.

Nitajuaje chaja mpya kama ni feki?

Piga hesabu ya lebo mbele ya muuzaji. Imeandikwa wati 65 lakini ni volti 19 na ampia 2.1? Hizo ni wati 40. Angalia kama maandishi yana makosa, na kama waya ni mwembamba kuliko wa ile uliyokuja nayo. Kisha omba uijaribu kwenye laptopu yako ikiwa imewaka, video ikicheza na betri ikiwa chini ya nusu, kwa dakika ishirini. Shika boksi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anakuambia kitu kuhusu mzigo wake. Kipuri kisichopatikana Dodoma huagizwa Kariakoo, na basi linakileta.

Betri imevimba, laptopu inainuka katikati. Niendelee kuchaji?

Acha sasa hivi. Usiitoboe wala kuibonyeza irudi. Iondoe au mpelekee fundi aiondoe, na utumie mashine kwa chaja tu mpaka upate nyingine.

Chaja iliyokufa kabisa niitupe?

Usiitupe, wala usiwape watoto wachome waya kupata shaba. Moshi wa plastiki hiyo ni sumu. Kata pini ukiiacha na waya mrefu kadiri inavyowezekana, ifunge karatasi iliyoandikwa kampuni, volti na mahali chanya ilipo. Hifadhi pia waya wa ukutani. Boksi mpelekee fundi ukimwambia halijafunguliwa, ili naye ajue kwamba kapasita inaweza kuwa bado ina umeme.